Shylock katika Mabepari wa Venisi: Mwovu au Mwonewa?

Ndugu mwanafunzi, swali hili utakutana nalo kwa sura nyingi. Mara litakuja hivi: "Shylock ni mkatili asiye na utu. Jadili." Mara litageuzwa: "Shylock ni zao la jamii iliyomkandamiza. Thibitisha kwa hoja." Watahiniwa wengi hukimbilia jibu la katikati, yaani hoja tatu huku, hoja tatu kule, na hitimisho kwamba mhusika huyu ni mwovu na pia ni mwonewa. Jibu hilo halitakufelisha, lakini halisemi kitu, na mtahini amelisoma tangu asubuhi. Hapa nitakueleza ninavyofikiri mimi. Uko huru kunipinga, ilimradi unipinge kwa ushahidi wa tamthilia yenyewe.

Kisa unakijua. Bassanio anahitaji fedha ili aende Belmont kumposa Portia. Rafiki yake Antonio ana mali, ila yote iko baharini. Wanamwendea Shylock, Myahudi mkopeshaji, ambaye anatoa dukati 3,000 kwa miezi mitatu bila riba, kwa sharti moja: Antonio akishindwa kulipa kwa siku iliyopangwa, akatwe ratili moja ya nyama ya mwili wake. Habari zinafika kwamba merikebu zimezama. Shylock anadai nyama.

Tuanze na mashtaka, na tusiyapunguze. Wanaomtetea Shylock hupenda kusema kwamba alibadilika kuwa mnyama baada ya binti yake Jessica kutoroka na Lorenzo, akiwa amebeba dukati na vito vya baba yake. Tetesi hiyo ni tamu, lakini tamthilia haiikubali kirahisi. Soma tena onesho lake la kwanza kabisa. Antonio anapoingia, Shylock anasema pembeni, watazamaji peke yao wakisikia, kwamba anamchukia na kwamba akimpata pabaya atalipiza kisasi cha siku nyingi. Wakati huo Jessica yuko nyumbani, funguo ziko salama. Tena miongoni mwa sababu za chuki anazozitaja, mojawapo ni ya kibiashara tupu: Antonio hukopesha bure, na hivyo anashusha riba mjini. Mwanafunzi anayeandika kwamba Shylock aliongozwa na uchungu wa mzazi peke yake ameruka ukurasa huo.

Mahakamani mambo ni mabaya zaidi. Anapewa fedha maradufu, anakataa. Anaombwa walau amlete tabibu asimame karibu kuzuia damu, anajibu kwamba sharti hilo halimo kwenye hati. Ananoa kisu kwenye soli ya kiatu chake mbele ya mtu atakayemchinja. Hakuna mateso ya nyuma yanayomfanya mtu awe hana hatia kwa kitendo hicho. Pale, mkononi mwake, palikuwa na nafasi ya kusema basi, na hakuisema. Kwa hiyo kuanzia mlango wa mahakama hadi kisu, mimi nakubali neno "mwovu" na siwezi kukulaumu ukilitumia.

Lakini swali halikuishia mlangoni.

Jiulize Shylock ametoka wapi. Uingereza iliwafukuza Wayahudi wote mwaka 1290, na hawakuruhusiwa rasmi kurudi hadi miaka ya 1650. Shakespeare, aliyeandika tamthilia hii yapata mwaka 1596 au 1597, aliandikia watazamaji ambao wengi wao hawakuwahi kumjua Myahudi kwa macho, wakamjua kwa hadithi za kutisha tu. Miaka michache kabla, mwaka 1594, tabibu wa Malkia Elizabeth aitwaye Roderigo Lopez, Mreno mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa London kwa tuhuma za kutaka kumwekea malkia sumu. Huko Venisi kwenyewe, tangu mwaka 1516 Wayahudi walitengewa mtaa wao, malango yake yakifungwa usiku, na mchana walitakiwa kuvaa alama au kofia ya rangi ili wajulikane. Kazi nyingi walikatazwa. Kukopesha kwa riba waliruhusiwa, kwa sababu kanisa liliwakataza Wakristo wasifanye hivyo na mji ulihitaji mikopo. Yaani wamekusukuma kwenye kazi moja, kisha wanakutemea mate kwa kuifanya. (Kwa bahati, riba haikuwa dhambi ya Wayahudi tu. Baba yake Shakespeare mwenyewe, John, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kutoza riba isiyo halali.)

Na mate si msemo. Shylock anamkumbusha Antonio kwamba amemtemea mate kwenye vazi lake, amemwita mbwa, amempiga teke, na Antonio hakani wala haombi radhi. Anajibu kwamba huenda akafanya hivyo tena. Huyu ndiye mtu mwema wa tamthilia. Weka jambo hili kwenye karatasi yako kabla ya ile hotuba maarufu ya onesho la tatu, ambapo Shylock anauliza kama Myahudi hana macho na viungo kama watu wengine, na kama akidhulumiwa hapaswi kulipiza. Hotuba hiyo kila mtu huitumia. Jibu la Antonio wachache hulitumia, nalo lina nguvu zaidi kwa sababu limetoka kwa upande wa pili.

Sasa jina la kitabu. Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venisi, na watu wengi husahau kwamba mfanyabiashara huyo ni Antonio. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliandika "mabepari", tena kwa wingi. Kwa msomaji wa Tanzania ya wakati ule, bepari halikuwa neno la heshima. Mimi nalisoma jina hilo kama hukumu: Shylock si bepari peke yake mjini. Antonio anatajirika kwa merikebu, Bassanio anatafuta mke mwenye urithi ili alipe madeni, na wote wanamshangaa Shylock kwa kupenda fedha. Mahakamani Shylock anawaambia wakubwa wa Venisi jambo ambalo sisi tuliosoma historia ya misafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo hatuwezi kulipita haraka. Anasema: mna watumwa mlionunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa, nikiwaambia muwaachie huru mtasema ni mali yenu, basi na nyama hii nimeinunua. Hakuna anayemjibu. Mtawala anahamia jambo lingine.

Niliwahi kulisoma onesho hilo na darasa lenye wanafunzi kadhaa kutoka Mollo na vijiji vya jirani. Binti mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, huyu namjua, huwa anakuja kwetu na pikipiki." Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Alikuwa anamsema mtu wa mikopo ya kausha damu. Januari mama yake alichukua fedha za mbolea na za vifaa vya shule. Julai, mahindi yakiwa yamejaa uwanda wote wa Ufipa na bei ya gunia iko chini, mkopeshaji alikuja kuchukua magunia, si fedha. Unaona jinsi lugha ya mtaani ilivyomkaribia Shakespeare bila kumsoma: kule mkopeshaji aliambiwa achukue nyama bila kumwaga tone la damu, huku jina la mkopo wenyewe ni kukausha damu. Kenya wamekwenda mbali zaidi. Mkopeshaji wa mtaani anaitwa shailoki, jina la mtu limekuwa jina la kazi.

Nilimpongeza yule binti, kwa sababu alikuwa amesoma kwa akili yake. Lakini nilimwambia, na ninakuambia wewe, kwamba ulinganisho wake ni nusu. Mwenye pikipiki ni jirani. Kwenye harusi anakaa kiti cha mbele. Hakuna anayemtemea mate, hafungiwi mtaani usiku, na akitaka kuacha kukopesha anaweza kulima alizeti au kufungua duka kesho. Uovu wake ni wake. Ukimwita Shylock, umechukua kisu cha Shylock ukaacha kofia yake ya rangi.

Nusu nyingine iko karibu nawe zaidi ya unavyodhani. Kama umetoka mkoa wa Rukwa ukaenda kusoma Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam, umeshasikia: "Unatoka Sumbawanga? Usiturushie radi!" Wanasema kwa kucheka. Jina lenyewe la mji, wazee hutuambia, maana yake ni tupa uchawi, lakini kwa wenzetu limekuwa ushahidi kwamba tunao. Hujafungua mdomo, tayari wanajua wewe ni nani. Nawe siku ukikasirika, wanatazamana: si tulisema? Na hilo ni dogo. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni za kupikia wajukuu. Mtu aliyeishi na tuhuma ya namna hiyo ataielewa ile hotuba ya Shylock bila kusaidiwa na kitabu cha mwongozo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Usipime uonevu kwa kisu, upime kwa hukumu. Portia anapomwambia Shylock kwamba hati haitaji damu, kesi imekwisha. Antonio amepona, mkopeshaji hana chake, haki imetendeka. Tamthilia ingeweza kushusha pazia hapo nami ningemwita Shylock mwovu aliyeshindwa. Badala yake inafunuliwa sheria nyingine: mgeni akitafuta roho ya raia, nusu ya mali yake huenda kwa aliyekusudiwa, nusu kwa serikali, na uhai wake uko mikononi mwa Mtawala. Mgeni. Ana nyumba Venisi, ana binti, analipwa na kulipa, na bado ni mgeni. Kisha Antonio, yule yule wa mate, anaongeza sharti kwamba abadili dini yake na awarithishe mali yote Lorenzo na Jessica. Masharti haya hayamwadhibu kwa kisu. Kisu kilishachukuliwa. Yanamwadhibu kwa kuwa Myahudi, na wanayaita huruma.

Mtahini akikutajia kwamba watazamaji wa wakati wa Shakespeare waliona kubatizwa kuwa wokovu, mkubalie, ni kweli kwa wengi wao. Kisha mwoneshe kwamba tamthilia hii hii iliwafaa Wanazi, walioigiza Vienna mwaka 1943 wakati Wayahudi wanapelekwa kuuawa. Waliweza kwa sababu ukiukata ule upande wa mate na kofia, kinachobaki ni kisu tu.

Shylock anasema ameridhika, anasema hajisikii vizuri, anaomba aende zake. Onyesho la tano lote, lenye mbalamwezi na muziki, hayupo, wala jina lake halitajwi isipokuwa kama tajiri Myahudi ambaye mali yake imerithiwa. Hati ya urithi inakabidhiwa. Lorenzo anashangilia. Jessica yupo jukwaani, na hasemi neno. Ukipewa swali hili kwenye chumba cha mtihani, jaribu kuanzia hapo.