Fundi paa akiwa ndugu, daftari ashike nani?

Msimu wa pamba ukielekea ukingoni, nyumba nyingi za Bariadi huwa na mjadala mmoja: paa. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Kuanzia fedha zinapoingia nyumbani mpaka mvua za vuli zichanganye, Oktoba au Novemba, familia ina miezi michache mikavu ya kupandisha fundi juu. Ada, sare na bati vyote vinaisubiri fedha ileile.

Mjadala huo una chanzo chake. Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu yake, wengi walijenga. Nyumba zilizoezekwa miaka ile zimeshapita miaka kumi. Pale palipowekwa bati jembamba ili kubana matumizi, kutu imeanza kutoboa, misumari imelegea, na mvua ikinyesha usiku watoto wanahamishwa kitanda.

Hapo ndipo jina la fundi linapotajwa. Ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi inayosajili kampuni za ujenzi, lakini kazi ya kuezeka vyumba vitatu Somanda au Malambo kwa kawaida huenda kwa fundi wa mtaani. Na mara nyingi fundi huyo ni ndugu: shemeji, mjomba wa watoto, au kijana aliyelelewa kwenye nyumba hiyohiyo.

Undugu una faida zake. Bei inapungua, fundi anajulikana anakolala, na hawezi kuzima simu milele. Tatizo ni kwamba undugu huohuo unawatia watu aibu ya kuhesabu. Nani atamwambia shemeji yake, "Njoo tuhesabu mabati kabla hujapanda"?

Mabati sita yanavyogombanisha ukoo

Tuchukue mfano ambao familia nyingi zitautambua. Baba anafanya kazi Mwanza. Anamtumia mdogo wake fedha kwa simu anunue mbao na bati. Mke yuko palepale nyumbani, ndiye anayewapikia mafundi, lakini hajui yamenunuliwa mabati mangapi wala fundi ameshalipwa kiasi gani. Wiki ya pili yanapungua mabati sita. Mdogo mtu anasema fundi alikosea hesabu. Fundi anasema mzigo ulifika pungufu. Baba naye anapiga simu kumuuliza mke, "Sasa wewe ulikuwa wapi?"

Inawezekana kabisa hakuna aliyeiba. Mawili yaliharibika wakati wa kukata, mawili yalikwenda kwenye jiko ambalo halikuwa kwenye hesabu ya mwanzo, na mawili hayakuagizwa tangu awali. Lakini hakuna karatasi ya kusema hivyo, kwa hiyo kila mmoja anabaki na mshukiwa wake moyoni. Sikukuu inayofuata kuna watakaokosa kuonekana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye paa, daftari hulinda mali na hulinda undugu pia. Na daftari hilo linapaswa kukaa kwa mtu anayelala kwenye nyumba hiyo. Kama ni mama ndiye aliyepo kila siku, basi mama ndiye apokee mzigo, ahesabu, asaini, na ndiye atoe ruhusa ya fundi kulipwa hata kama fedha inatoka mbali. Kumpa jukumu la chakula cha mafundi na kumnyima hesabu ni kumwachia lawama bila mamlaka.

Kwanza, je, paa zima linahitaji kubadilishwa?

Paa kuvuja siyo lazima liwe limekwisha. Uvujaji mwingi huanzia kwenye matundu ya misumari, kwenye kofia ya juu, au mahali mabati yanapokutana. Hayo hurekebishika kwa misumari mipya yenye mpira na mabati machache. Dalili ya kazi kubwa iko chini ya bati. Fundi apande darini na kuchoma mbao kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa au unyevu umeshakula kenchi, na kuweka bati jipya juu yake ni kuvika shati jipya juu ya kidonda.

Mzazi apande naye akiweza, au aombe picha za simu za kila kona kabla ya kukubali bei. Fundi anayesema "bomoa lote" akiwa bado amesimama uani hajakagua kitu.

Dukani, jambo la kukumbuka ni geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 ni jepesi kuliko 28. Rangi nzuri haiongezi unene. Namba iliyoandikwa kwenye bati, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, isomwe kabla mzigo haujapakiwa. Risiti iandikwe geji, urefu na idadi.

Upepo nao una hesabu yake. Machi 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali ilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, katika mkoa jirani wa Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiangukiwa na nyumba zao. Hakuna fundi anayeweza kuahidi kuishinda mvua ya namna ile, lakini kenchi zikifungwa ukutani kwa nondo au waya mzito, paa halitanyanyuliwa na kila upepo. Kufunga huko hufanyika kabla ya bati na baadaye hakuonekani. Kwa hiyo kikaguliwe siku hiyohiyo.

Cha kuandika

Kumpima fundi, awe ndugu au mgeni, njia nzuri ni kwenda kwenye nyumba aliyoiezeka misimu miwili iliyopita na kumuuliza mwenye nyumba maswali matatu: Panavuja? Alimaliza kwa muda aliosema? Ulipomwita kurekebisha, alikuja? Nyumba aliyoimaliza mwezi jana haina ushahidi, kwa sababu haijaonja mvua.

Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba mbele ya sheria. Shida ni kuyathibitisha. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: kazi yenyewe ni ipi na inaishia wapi (jiko limo au halimo?), nani ananunua vifaa, ufundi ni shilingi ngapi, siku ya kuanza na ya kumaliza, chakula cha mchana ni cha nani, na mabaki ya mbao na bati ni ya nani. Wasaini wote wawili pamoja na shahidi mmoja asiye wa upande wowote, kwa mfano mwenyekiti wa mtaa au balozi. Kila mmoja abaki na nakala, hata ya picha.

Malipo yaende kwa hatua. Mathalani ufundi ukiwa shilingi 600,000, fundi apewe 150,000 mbao zikiwa uwanjani na kazi imeanza, 200,000 kenchi na papi zikishafungwa na kukaguliwa, 150,000 bati la mwisho likipigwa, na 100,000 ibaki. Kazi ikifanyika Julai, si haki kumwambia fundi asubiri mvua ya Novemba, naye ana watoto. Paa limwagiwe maji ndoo kwa ndoo, hasa kwenye kofia na maungio, huku mtu yuko ndani anaangalia. Pakibaki pakavu, amaliziwe fedha yake siku hiyo, na aandike kwamba pakivuja mvua za kwanza atarudi bila kudai ufundi.

Kazi ikiendelea, vitu viwili vitazamwe hata na asiye fundi. Kwa bati la migongo ya kawaida, msumari upigwe juu ya mgongo, kamwe usipigwe bondeni ambako maji hupita. Na bati la juu lilalie la chini angalau sentimita 15.

Watoto walale kwa majirani au kwa bibi siku ambazo nyumba iko wazi. Jioni misumari iokotwe uani, na mabati yasiyopigwa yalazwe na kugandamizwa kwa mawe, kwa sababu bati lililobebwa na upepo hukata kama panga.

Ikitokea kutoelewana, ukurasa ule ndio wa kwanza kufunguliwa, mbele ya shahidi yuleyule. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii. Lakini ndugu wengi wakikaa mbele ya hesabu iliyoandikwa na mikono yao wenyewe hawafiki huko.

Fundi mzuri hachukii kuandikishana. Naye ameshawahi kudhulumiwa na ndugu aliyesema, "Tutaongea tu, sisi ni familia."