Tiketi ya SGR haidai kadi ya benki

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, vijiweni kumezagaa maneno kuhusu kukata tiketi mapema. Mengi si kweli, na wanaoumia ni wale wanaohesabu kila shilingi.

"Bila kadi ya benki hukati tiketi mtandaoni." Hili ndilo lililosambaa kuliko yote. Mfumo wa tiketi wa Shirika la Reli Tanzania (TRC) hutoa kontroo namba, kama ile unayolipia huduma nyingine za serikali. Unachagua tarehe, treni na kiti, unajaza jina na namba ya kitambulisho cha msafiri, namba inatoka. Mwenye M-Pesa anabonyeza *150*00#, anaingia sehemu ya malipo ya serikali, anaandika kontroo namba, kiasi, kisha namba ya siri. Mwenye Airtel Money anaanzia *150*60#. Asiyetaka yote hayo anakwenda kwa wakala wa benki mtaani na noti zake mkononi. Katika safari hiyo yote hakuna mahali unapoulizwa kadi.

"Basi lazima uwe na simu janja." Nusu tu ya hili ni kweli. Kufungua tovuti kunahitaji intaneti; kulipa kunawezekana hata kwa simu ya kitochi. Tena kontroo namba haijali anayelipa ni nani. Kijana aliyeko Mwanza anaweza kumkatia mama yake aliyeko Pugu, akamsomea namba kwa simu, mama akalipa mwenyewe kwa wakala. Ndugu aliyeko Muscat, ambaye hana laini ya nyumbani, anajaza jina lake na namba ya pasipoti, anamtumia kaka yake wa Temeke ile namba, kaka analipa. Tiketi inabaki na jina la msafiri, si la aliyetoa pesa. Watu wengi hawajalijua hili, na ndilo ambalo lingewaokoa.

"Kwa kishoka kuna uhakika zaidi." Hapa siwezi kusema kwa upole. Mtu anayekuomba umtumie pesa kwenye namba yake binafsi ili "akufanyie mpango" anapitia mfumo uleule ulio wazi kwako, kisha anaweka cha juu. Akikosea jina, unayekwama kwenye ukaguzi ni wewe, yeye hapokei tena simu. Nauli ya kawaida ya Dar hadi Dodoma iliyotangazwa mwaka 2024 na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Kumwongezea mtu juu ya hapo kwa kazi ya kubonyeza simu ni kujinyima chakula cha watoto. Malipo halali yanakwenda kwenye kontroo namba, basi.

"Makato ya simu yanaumiza." Makato yapo, hilo silipingi. Lakini anayetoka Mbagala kwenda stesheni kukata tiketi dirishani atalipa pia daladala ya kwenda na kurudi, na biashara yake itafungwa nusu siku.

Wapo wanaosema wenzetu wa Kenya ndio wanaodaiwa kadi. Hapana. Abiria wa Madaraka Express, treni iliyoanza 2017, wamekuwa wakikata tiketi kwa *639# na kulipa kwa M-Pesa.

Limebaki dai moja, linalowaponza hata wajanja: "Nikishapata kontroo namba, kiti ni changu." Si chako mpaka ulipe. Namba ina muda wake, na ukipita kiti kinarudi kwa wengine. Ijumaa jioni au mkesha wa Idi na Krismasi hakikai. Kwa hiyo tazama salio kwanza. Kama halitoshi, nenda kwa wakala ukaweke pesa, ndipo ufungue tovuti kuchagua kiti.