Saa ya Aliye Nyuma

Msomaji, nilichekwa katika chumba cha walimu kwa ajili ya kanuni moja ndogo. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kuanzisha chama cha waendesha baiskeli miongoni mwa wanafunzi wetu, nikaandika katika ombi langu ya kuwa watakwenda safari ndefu za milimani wawili wawili, na ya kuwa muda wa kila jozi utahesabiwa afikapo yule wa nyuma, wala si yule wa mbele. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa akili na moyo mwema, aliisoma karatasi ile akaangua kicheko. "Mwalimu," alisema, "wataka kumwadhibu mwenye nguvu kwa kosa la mnyonge." Wengine waliafiki. Sikumjibu siku ile, maana kengele ilikuwa imelia na madaftari ya darasa zima yalikuwa yakiningoja. Namjibu hapa, nawe uwe mwamuzi.

Kwanza, kanuni ile sikuitunga mimi. Katika jimbo la Western Cape, nchini Afrika Kusini, pana mashindano ya baiskeli za milimani yaitwayo Cape Epic, yaliyoanza mwaka 2004. Huchukua siku 8, na mwendo wake kwa kawaida hukaribia kilomita 700, katika njia za mawe, mchanga na vijia vyembamba vya mlimani. Watu hushindana wawili wawili. Wenzi hawana ruhusa ya kuachana kwa zaidi ya dakika 2 njiani. Wakiachana zaidi ya hapo, huadhibiwa. Muda wao husimama afikapo wa pili. Mmoja akishindwa kuendelea, mwenzake aweza kupanda baiskeli yake mpaka mwisho akipenda, lakini jozi yao imekwisha kufutwa katika daftari la washindani. Mwaka ule wa kwanza walioshinda walikuwa Mannie Heymans wa Namibia na Karl Platt wa Ujerumani, watu wa mabara mawili waliofungwa kwa saa moja. Je, wanaume na wanawake hodari waendao huko kila mwaka ni wajinga wasiojua kwamba wanaadhibiwa?

Kosa la mwenzangu ni kudhani kwamba nguvu ni mali ya mtu mmoja tangu asubuhi hata jioni. Haiwi hivyo. Aliye simba katika mpando wa asubuhi aghalabu huwa paka alasiri. Mmoja hupanda vizuri; mwingine huteremka vizuri penye mawe, mahali ambapo mpandaji hodari hutetemeka na kushuka chini akatembea. Juu ya hayo, mwili hauna akiba kubwa ya sukari. Mtu akikaza mwendo kwa saa chache bila kula, akiba ile humalizika, na jambo la ajabu ni kwamba mwenyewe aghalabu huwa wa mwisho kujua. Huanza kununa, hujibu maswali kwa mkato, hukosa njia iliyo wazi mbele ya macho yake. Mwenzi aliye karibu huona, akamwambia, "Kula." Hilo ni neno fupi, lakini halisemeki na mtu aliye mbele kwa kilomita tano.

Walikuwapo chumbani waliosema kwamba urafiki wa namna hii ni wa faida tu, yaani wawili huvumiliana kwa kuwa wanahitajiana, na baada ya mashindano kila mtu hushika njia yake. Nakubali kwamba wako wa hivyo. Nakubali hata zaidi: ziko jozi zinazogombana siku ya tatu na kumaliza safari bila kusemezana. Taabu haiumbi urafiki. Taabu humvua mtu nguo za adabu, nawe ukaona alivyo. Lakini mtazame Christoph Sauser wa Uswisi. Alishinda Cape Epic mwaka 2011 na 2012 pamoja na Burry Stander, kijana wa Afrika Kusini. Tarehe 3 Januari 2013 Stander, mwenye umri wa miaka 25, aligongwa na teksi akiwa juu ya baiskeli yake katika mazoezi, akafa. Mwezi wa Machi mwaka ule ule Sauser alirudi mashindanoni, na jozi yake ikachukua jina la Burry Stander. Mwenzi wake mpya alikuwa Jaroslav Kulhavý wa Ucheki, yule yule aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 2012 katika shindano ambalo Stander alikuwa wa tano. Wakashinda. Faida ya marehemu katika ushindi ule ilikuwa nini? Aseme anayejua.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa aibu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mimi na rafiki yangu tuliteremka kutoka Iten mpaka bonde la Kerio kwa baiskeli za kuazima, tukanuia kupanda tena siku ile ile. Iten iko yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na bonde liko chini yake kwa zaidi ya mita 1,000. Kuteremka ni starehe fupi. Kurudi kwa barabara ya Tambach, joto la bondeni likiwa mgongoni, ni kazi. Nilikuwa na miguu mizuri siku ile. Tulipoanza kupanda nilikaza mwendo, nikajiambia kwamba nitamngoja juu.

Nikamngoja. Nilikunywa chai, nikangoja, nilikula, nikangoja, jua likaanza kuinama. Kumbe mwiba wa mgunga ulikuwa umetoboa gurudumu lake chini kabisa. Viraka na gundi vilikuwa katika mfuko wake. Pampu ilikuwa katika mfuko wangu. Aliziba tundu vizuri, kisha akakaa kando ya njia na mpira usio na upepo, akitazama barabara niliyopita. Sehemu kubwa ya mlima ule aliipanda kwa miguu akisukuma baiskeli. Simu tulikuwa tumeziacha bwenini zisivunjike. Alipofika hakunilaumu, aliuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula hata ndizi zake, maana nazo nilikuwa nimezibeba mimi.

Tazama sasa: siku ile hapana aliyeniadhibu. Kwa saa ya mkononi mwangu nilikuwa mshindi. Niliwasimulia wenzetu bwenini jinsi nilivyopanda upesi, wakanipongeza, na rafiki yangu alikuwapo akisikiliza. Tunasalimiana mpaka leo kwa heshima, tunaulizana habari za watoto, lakini hajanialika tena kwenda naye safari yoyote.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba mwenye nguvu ataonewa, namwomba anionyeshe mahali ambapo mwenye nguvu hajapewa haki yake. Ubao wa matokeo ni wake. Tuzo ya mwisho wa mwaka ni yake. Tumezoea kuwapanga watoto kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho tangu hawajajua kufunga kamba za viatu, tukiwafundisha kwamba jirani wa dawati ni mtu wa kupitwa. Kisha Ijumaa, penye gwaride, twasimama mbele yao na kuwahubiria upendo. Mimi naomba Jumamosi moja tu kwa mwezi ambayo saa itasomwa kwa namna nyingine.

Ruhusa nimepewa ya muhula mmoja. Wanafunzi 14 wamejiandikisha, baiskeli ni 9, kwa hiyo hata kupokezana tutapokezana. Kila jozi itakuwa na pampu moja na viraka vya mfuko mmoja, na vitabebwa na watu mbalimbali kwa makusudi. Mwenzangu aliyecheka nimemwalika awe jozi yangu, naye hajakataa. Pampu ataibeba yeye.