Ati Wameridhika!

Neno "kuridhika" ni zuri likitoka kinywani mwa mtu aliyeshiba. Likiingia katika taarifa ya serikali hubadilika tabia. Nimesoma, kwa miwani na subira, taarifa kadhaa za Wizara ya Ulinzi ya Marekani juu ya matibabu ya familia za askari wake, nami nina ugomvi nazo. Kwangu jambo hili si la mbali: binti wa marehemu dada yangu ameolewa na sajini wa jeshi la nchi kavu huko, nao wana watoto watatu.

Kwanza haki itendeke. Nchi ile inayosifika kwa kumwachia raia ajitafutie bima, kwa askari wake hufanya vingine kabisa. Serikali yenyewe inaendesha hospitali na zahanati za jeshi, na pale zisipotosha hulipia matibabu ya nje. Sheria ya kuwatibu wategemezi wa askari ilipitishwa mwaka 1956, ikapanuliwa mwaka 1966, na katika miaka ya 1990 ukaja mpango uitwao TRICARE. Wanaohudumiwa ni zaidi ya milioni 9, wastaafu wakiwemo. Mpwa wangu amejifungua mara tatu bila kuuza hata kijiko. Wale majirani zangu wanaoapa kwamba serikali haiwezi kutibu watu, nawaomba wameze hilo kwanza, halafu tuendelee.

Ugomvi wangu ni kipimo. Mgonjwa akishatoka kliniki hutumiwa hojaji: je, daktari alikusikiliza? Umeridhika? Haya, msomaji, nani anayepata hojaji hiyo? Ni yule aliyekwisha kumwona daktari! Aliyepiga simu wiki mbili akakosa nafasi haulizwi, maana hakutibiwa. Ni sawa na mkaguzi anayefika shuleni akawauliza watoto waliomo darasani kama shule iko karibu na kwao. Najua upo uchunguzi mwingine wa kila mwaka unaowafikia hata wasiotibiwa, nao nauheshimu zaidi. Lakini mkuu wa hospitali anayetaka kujisifu huchukua ule wa kwanza.

Kanuni zao ni nzuri mno. Katika mpango wa TRICARE Prime, mwenye haja ya haraka aonwe ndani ya saa 24, wa kawaida ndani ya siku 7, na wa daktari bingwa ndani ya siku 28. Sasa sikia yaliyompata mpwa wangu, katika hospitali nisiyoitaja. Mtoto wake wa pili ana pumu. Alipiga simu asubuhi, akajibiwa: nafasi zimekwisha, piga kesho. Kesho yake vivyo hivyo. Siku zile hazikuanza kuhesabiwa, kwa sababu ombi lenyewe halikuandikwa popote. Hatimaye akapata rufaa ya bingwa, na kabla ya tarehe kufika mumewe akahamishiwa jimbo jingine, foleni ikaanza upya. Hojaji ilipokuja, ilimwuliza kama mapokezi yalikuwa masafi. Yalikuwa masafi. Isitoshe, anayeuliza ndiye mwajiri wa mumewe. Ameambiwa majibu ni siri, anaamini nusu.

Halafu kuna wastani, adui wangu wa miaka mingi. Nusu ya darasa ikipata 80 na nusu ikipata 20, wastani ni 50, na hakuna hata mtoto mmoja aliyepata 50. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza mfumo mzima upitiwe. Ilionekana kwamba kwa ujumla unalingana na hospitali za kiraia, lakini tofauti kati ya hospitali moja na nyingine ni kubwa. Familia ya askari iliyo katika TRICARE Prime kwa kawaida hupangiwa kituo. Wastani wa taifa utamfaa nini mama aliyepangiwa kwenye 20?

Na msinipe hoja ya wodi safi. Mwaka 2007 gazeti la Washington Post lilifichua hali ya majeruhi wa vita pale Walter Reed. Kitandani walitibiwa vyema sana. Walipotoka wodini, baadhi waliwekwa katika Jengo Namba 18 lenye kuvu ukutani na panya, na kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Swali la wodini lisingeliona jengo lile daima.

Desemba 2023 wizara iliagiza wagonjwa warudishwe katika hospitali za jeshi, baada ya miaka kadhaa ya kuwasukuma nje. Naunga mkono. Ila kabla ya kuwarudisha, kila hospitali itangaze, kwa jina lake, siku zinazopita tangu simu ya kwanza hadi mgonjwa anapoketi mbele ya daktari, na simu zilizojibiwa "piga kesho" nazo zihesabiwe. Hojaji zao wanaweza kuendelea kuzituma.