Msumeno Unaowaka Leo na Kukataa Kesho

Juma hili twawachukua hadi Baraka, katika nchi ya Fizi, mahali ambapo rasi ya Ubwari huikinga Ghuba ya Burton na mawimbi ya Ziwa Tanganyika. Mtu akitega sikio huko asubuhi, hasikii sauti za wavuvi peke yao, bali na za maseremala pia. Ziwa lataka mashua, nyumba zataka milango, shule zataka madawati. Zamani kupasua gogo ilikuwa kazi ya watu wawili na msumeno mrefu, mmoja juu, mwenziwe chini shimoni. Siku hizi katika karakana nyingine utaona msumeno wa meza, yaani diski ya chuma yenye meno, iliyochomoza katikati ya meza na kuzungushwa na mota ya umeme. Ukienda vema, ni msaada mkubwa. Ukianza kukataa, huleta taabu, na pengine huleta ugomvi.

Katika karakana moja msumeno wa namna hiyo ulikuwa kigeugeu. Jumatatu uliwaka mara moja. Jumanne ulivuma tu kama nyuki mzingani, wala diski haikutikisika. Mwenye karakana alimgeukia mwanafunzi wake, kijana aliyekuwa wa mwisho kuutumia.

"Wewe umeiharibu mashine yangu."

"Hapana, Mwalimu. Niliizima kama ulivyonifundisha."

Hakusikilizwa. Aliambiwa arudi kwao, asionekane tena mpaka aje na baba yake kuzungumza habari ya mota mpya. Basi kijana akaenda zake akiwa na aibu ya mwizi, naye hakuiba kitu.

Fundi, kwa kuwa kazi ilimngoja, alibuni dawa yake mwenyewe. Mashine ikivuma bila kuzunguka, aliyasukuma meno ya diski kwa kipande cha ubao mpaka ikashika mwendo. Mara mbili alifaulu. Mara ya tatu meno yalikinyakua kile kipande yakakirusha, kikapita karibu na sikio lake na kugonga ukuta. Hapo ndipo alipotambua kwamba kama angekuwa ametumia mkono, leo angekuwa seremala asiye na vidole.

Tunasema hivi: mashine haina kinyongo, wala haichagui siku. Kasoro inayokuja na kwenda ina sababu yake, na sababu hiyo yaweza kutafutwa kwa utaratibu. Kabla ya kufungua kitu chochote, chomoa plagi, nayo ikae mahali unapoiona, mtu mwingine asije akaichomeka nawe umo ndani. Kisha jiulize: mashine inapokataa, je, iko kimya kabisa, au inavuma?

Ikiwa kimya, umeme haufiki. Anza mwanzo wa njia uende mpaka mwisho wake: plagi, waya, fyuzi, na swichi. Unga wa mbao ni mwembamba, hupenya ndani ya swichi na kuzizuia shaba zake zisigusane. Ndiyo sababu siku moja inashika na siku nyingine haishiki. Tazama pia kama mota ina kitufe kidogo kinachoruka chenyewe inapopata joto kupita kiasi. Ingoje ipoe, ndipo ukibonyeze. Kikiruka tena, usishindane nacho. Tafuta kwanza kinachoichosha mota: meno butu, mbao mbichi, au mkanda uliokazwa mno. Mashine ndogo za kubebwa hutumia mota ya namna nyingine, yenye vipande viwili vya kaboni. Vikichakaa na kuwa vifupi, mashine huwaka kwa kubahatisha, na dawa yake ni kuvibadili vyote viwili.

Ikiwa inavuma, umeme unafika, lakini mota haina nguvu ya kung'oka. Izime upesi, kwa maana mota inayovuma bila kuzunguka huvuta umeme mwingi na kuunguza nyaya zake za ndani. Kisha tafuta mambo mawili.

La kwanza ni jenereta na waya. Tuchukue mfano. Mota ya wati 1,500 kwa volti 220 huvuta kiasi cha amperi 10 inapozunguka. Wakati wa kuanza huvuta mara tano au zaidi, yaani amperi 50 hivi, kwa muda mfupi. Kila aliyesukuma mkokoteni anajua: kuung'oa kwataka nguvu zaidi kuliko kuuendesha. Sasa, ikiwa waya utokao kwenye jenereta una urefu wa mita 30 na unene wa milimita za mraba 1.5, amperi hizo 50 zitapoteza volti 35 njiani. Mota itapata volti 185 tu, na nguvu yake ya kujizungusha itashuka hadi sehemu saba katika kumi. Waya wa milimita za mraba 4 ungepoteza volti 13 tu. Jenereta nayo yafaa iwe na nguvu kama mara tatu ya ile ya mota. Kwa hiyo angalia: je, msumeno hukataa wakati randa ya umeme au mashine nyingine inafanya kazi? Kama ndivyo, huna haja ya kununua mota.

La pili ni msaada wa kuanzia. Mota nyingi za namna hii zina kapasita, kopo dogo linaloipa mota msukumo wa kwanza, na ndani yake zina swichi ndogo inayolitenga kopo hilo mota inapokwisha kushika kasi. Kapasita iliyovimba au kuvuja imekufa. Iwekwe nyingine ya kipimo kile kile. Lakini jihadhari, yaweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwachie fundi wa umeme aimalize nguvu kabla ya kuishika. Nayo ile swichi ya ndani, mota inaposimama, yapasa irudi mahali pake. Ikinaswa, msukumo haupatikani, na mota itazunguka upande wowote utakaoisukuma, hata kinyumenyume. Ndiyo sababu tunakataza kabisa kuisaidia diski kwa mkono au kwa ubao.

Katika karakana ile aliitwa mzee mmoja fundi wa umeme. Hakuuliza ni nani aliyeharibu. Aliuliza, "Inavuma au imenyamaza?" Alipima volti, akazikuta ni za kutosha. Alitazama kapasita, ilikuwa nzima. Akafungua mota, na ndani akakuta unga wa mkaratusi uliokuwa umelowa unyevu na kugandamana, ukiishika ile swichi ndogo isirudi. Aliusafisha kwa brashi kavu. Diski ikazunguka mara ya kwanza, na ya pili, na ya kumi.

"Kosa ni la nani, Mzee?" aliuliza mwenye karakana.

"Ni la unga," akajibu. "Na la yule aliyekuwa hausafishi."

Mwenye karakana alikaa kimya kitambo. Jioni ile alikwenda mwenyewe nyumbani kwa kijana, wala hakutuma mtu, akasema mbele ya baba yake kwamba alimsingizia.

Basi, ninyi wenye karakana, jifunzeni haya. Kila Jumamosi chomoeni plagi, msafishe unga ndani na nje. Jenereta ikizimika katikati ya kazi, zimeni swichi ya msumeno papo hapo, ili umeme utakaporudi diski isianze kuzunguka mkono ukiwa juu ya meza. Nanyi wanafunzi, mwambieni fundi mapema mnaposikia mlio usio wa kawaida, msifiche kwa hofu. Mota iliyoungua hununuliwa nyingine. Vidole havinunuliwi, na jina jema la kijana halirudi kwa urahisi.