Mbiu ya Mgambo Ikilia Pasipo Jambo: Rai Kuhusu Seva, 'Mzigo' na Istilahi Zetu

Wahenga walituachia kauli kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mpiga mbiu wa enzi hizo alikuwa mtu mwenye akili zake. Hakuipuliza pembe kwa sababu tu upepo umevuma au mbuzi wamekatiza uwanjani. Siku hizi kazi hiyo tumeikabidhi programu ya tarakilishi, nayo haina simile. Huipiga mbiu saa nane za usiku kwa arafa ya maneno matatu, "Mzigo umezidi kiwango", na anayeamka hukuta hakuna moto wala mwizi. Rai ya makala haya ni kwamba uongo wa mbiu hiyo, kwa kiasi kikubwa, ni uongo wa neno, na kwa hivyo unatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita chama chetu kilikodi seva kwa kampuni moja. Seva, kwa asiyeifahamu, ni tarakilishi isiyozimwa ambayo huhifadhi tovuti na kumpa kila anayezihitaji. Yetu ilihifadhi tovuti ya jarida pamoja na hazina ya sauti: ngano, nyimbo za jando na mawaidha ya harusi ambayo wenzetu waliyarekodi nyanjani kwa ajili ya somo la fasihi simulizi. Mimi niliteuliwa kuwa msimamizi wa tovuti katika mkutano ambao sikuuhudhuria, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo.

Arafa zilianza muhula huo huo. Kila usiku, saa nane na dakika chache, simu ililia. Mwanzoni niliamka, nikaingia kwenye seva, nikaizima na kuiwasha upya. Asubuhi nikajigamba kwa wenzangu. Wiki ya tatu majigambo yalinitoka. Tukaiandikia kampuni, nayo ikatujibu kwa upole kwamba seva yetu imelemewa na dawa ni kuhamia kifurushi kikubwa zaidi. Gharama ya kifurushi hicho kwa mwaka ililingana na gharama ya kuchapisha toleo zima la jarida. Kamati ikagawanyika pande mbili. Upande mmoja ulitaka seva iokolewe na toleo liahirishwe. Katika mjadala huo mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, anayesomea ualimu wa Kiswahili na Hisabati, aliuliza swali ambalo sote tulilicheka: "Mzigo huu hupimwa kwa kilo? Na mbebaji wake ni nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na hapo kicheko kikakatika.

Mfumo wa Linux, ambao huendesha sehemu kubwa ya seva za tovuti duniani, hutoa nambari tatu mtu akiandika amri ya uptime. Ndizo nambari ambazo wataalamu huziita wastani wa mzigo: ya kwanza ni ya dakika 1, ya pili dakika 5, ya tatu dakika 15. Hazipimi uzito wa chochote. Huhesabu kazi, yaani programu zinazotekelezwa wakati huo pamoja na zinazongoja zamu. Hebu na tuikumbuke siku ya usajili mwanzoni mwa muhula. Ofisi ina madirisha 8, kila moja na karani wake. Wanafunzi 8 wakiwa wamesimama, kila mmoja kwenye dirisha lake, nambari yetu ni 8, na hakuna hata mmoja anayengoja. Ofisi imejaa kazi, haijalemewa. Katika ofisi yenye madirisha 2, wanafunzi hao hao 8 wana maana nyingine kabisa: 6 kati yao wanaota jua. Madirisha hayo ndiyo viini vya kichakataji, ile sehemu ya tarakilishi inayotekeleza amri, na asiyejua idadi yake hana haki ya kuisoma nambari. Amri ya nproc humwambia idadi hiyo kwa sekunde moja.

Seva yetu ilikuwa na viini 8. Kiwango cha tahadhari kilikuwa 4. Nani alikiweka? Hakuna aliyekiweka, kilirithiwa pamoja na mipangilio ya seva ya awali iliyokuwa na viini 2. Hili si kosa la chama chetu peke yake. Programu mashuhuri ya ulinzi wa seva iitwayo Nagios huja na mpangilio wa mfano ambapo onyo hutolewa nambari ya dakika moja ikifika 5. Mfano ni mfano, lakini wengi huuchukua kama sheria, hata kwenye seva yenye viini 32 ambako 5 ni usingizi. Ajabu ni kwamba programu hiyo hiyo ina chaguo la kuigawanya nambari kwa idadi ya viini. Chaguo lipo, mchaguzi hayupo.

Na kwa nini saa nane? Saa hiyo ndiyo programu ya kutengeneza nakala za akiba ilipoamka kufanya kazi yake. Ilisoma faili zote, ikazibana, ikazihifadhi. Nambari ikapanda hadi 5 au 6 kwa muda usiofika robo saa, kisha ikashuka. Laiti ningezisoma nambari tatu kwa pamoja ningeliona hilo usiku wa kwanza, kwani ya dakika 1 ilikuwa juu na ya dakika 15 ikiwa chini, dalili ya jambo lililozuka ghafla. Isitoshe, nambari hizi si wastani kama tulivyofundishwa katika hesabu za shule ya msingi. Kazi moja ikianza kwenye seva tulivu na kuendelea kwa dakika nzima, nambari ya kwanza husoma takribani 0.63, wala si 1, kwa kuwa hesabu hiyo hubeba kumbukumbu ya yaliyopita na kuiacha ififie kidogo kidogo. Wapo pia walioamshwa na jirani: anayekodi sehemu tu ya seva, ile inayotengwa kwa kontena, mara nyingi huonyeshwa nambari ya seva nzima, pamoja na kazi za wapangaji asiowajua.

Basi tulikuwa tumejua. Toleo likachapishwa, kifurushi hakikununuliwa. Natamani kisa kiishie hapa.

Tulipogundua kwamba mbiu ni ya uongo, tulipaswa kuirekebisha. Badala yake, mitihani ilikuwa imekaribia, nikainyamazisha simu usiku. Baada ya majuma machache niliamka asubuhi nikakuta arafa iliyotaja nambari 41. Nilitabasamu. Nikasema moyoni, "Nakala za akiba hizo," nikaenda kuusoma ushairi niliokuwa na mtihani wake. Jioni tovuti haikufunguka. Kichakataji, nilipokitazama kwa amri ya top, kilikuwa kimekaa bure karibu wakati wote. Madirisha matupu, na nambari ni 41!

Hapa inabidi turudi kwenye ofisi ya usajili, maana kuna kundi la tatu la wanafunzi ambalo sikulitaja. Ni wale walioambiwa na karani, "Ngoja hapo faili lako litolewe stoo." Hawako dirishani, hawako kwenye foleni, na hawaruhusiwi kuondoka. Linux huwahesabu pia. Kazi inayongoja diski, kwa namna ambayo haiwezi kukatizwa, huonyeshwa na amri ya ps kwa herufi D, nayo huingia katika nambari ile ile moja. Mifumo mingine ya ukoo wa Unix haifanyi hivyo. Kwenye Linux mabadiliko haya yalipendekezwa mwaka 1993 na Matthias Urlichs, kwa hoja ya kueleweka: aliona ajabu kwamba mtu akiitoa diski ya kasi na kuweka ya polepole, nambari hushuka ilhali tarakilishi imezorota. Sababu hiyo ilisahaulika hata kwa mafundi wengi, mpaka Brendan Gregg alipoifukua na kuieleza mwaka 2017. Kwetu, kazi takribani 40 zilikuwa zimekwama zikingoja diski iliyokuwa ikifa. Nakala za akiba zilikuwa kwenye diski hiyo hiyo, na hilo ni kosa langu. Tuliokoa makala yote ya jarida. Rekodi nyingi za mawaidha ya harusi hazikuokolewa, na mmoja wa akina bibi waliorekodiwa alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Nambari 5 ya saa nane na nambari 41 ya alfajiri ziliniletea arafa yenye maneno yale yale matatu. Ya kwanza ilisema kwamba makarani wana kazi, ya pili kwamba stoo imeungua. Neno "mzigo" lilizifunika zote mbili, na ndipo ninapowageukia wenzangu wa istilahi. Mzigo, katika Kiswahili cha watu, una uzito na una mbebaji. Ukizidi, mbebaji huanguka. Aliyeambiwa kwamba mzigo umezidi hatatafuta stoo. Atatafuta punda mwenye nguvu zaidi, na kampuni ya punda iko tayari kumuuzia. Neno la Kiingereza 'load' tulilitafsiri kwa kufungua kamusi, bila kuifungua seva. Tukairithi kasoro iliyokuwa imewasumbua wenye lugha yenyewe, tena tukaizidishia uzito.

Napendekeza "foleni" kwa kazi zinazongoja zamu ya kichakataji, na "ngojadiski" kwa zile za herufi D. Nambari ya jumla na iitwe "idadi ya kazi", maana ni idadi. Mhadhiri mmoja alipendekeza "mlolongo". Neno ni zuri, ila kwa Mkenya lina kumbukumbu ya uteuzi wa wagombea wa KANU mwaka 1988, ambapo wapigakura walijipanga nyuma ya wagombea na yapo maeneo ambako mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Labda ndilo neno linalofaa kwa tahadhari za uongo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, nasi tubaki na vitendawili vyetu. Siwakubali. Mafundi wenyewe wamelalamikia jina hili: Linux toleo la 4.20, lililotoka Desemba 2018, liliongeza vipimo vipya vinavyoitwa shinikizo, ambavyo hutaja kitu kinachongojewa, kiwe ni kichakataji, kumbukumbu au diski, na asilimia ya muda ambao kazi zimekwama zikikingoja. Wameligawa neno kwa sababu maana zilikuwa zimegawanyika. Hiyo ni isimu, hata kama walioifanya hawakuiita hivyo. Nasi tulioonyeshwa mwaka 2004 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Jambo OpenOffice, kwamba tarakilishi inaweza kuzungumza Kiswahili, tumeendelea kubishania kama ni "tarakilishi" au "kompyuta". Ubishi huo nimeushiriki kwa furaha. Lakini haukunisaidia asubuhi ile ya 41.

Arafa ya chama tuliiandika upya na yule mwanafunzi wa Hisabati, ambaye sasa ni mwalimu. Hailii mpaka idadi ya kazi ipite idadi ya viini kwa dakika 15 mfululizo, au kazi zinazongoja diski zizidi 5 kwa dakika 5. Nakala za akiba huhifadhiwa kwenye seva nyingine, mji mwingine. Inapolia husomeka hivi: "Viini 8. Zinazotekelezwa 8. Foleni 3. Ngojadiski 0." Tangu tuiandike imeniamsha usiku mara moja tu. Kwenye ngojadiski paliandikwa 14. Niliketi kitandani, nikavaa miwani, nikapiga simu.