Bustani ya ufukweni Mbamba Bay: Wananchi waulizwe kabla ya ramani kuchorwa

LAMI imekwishafika Mbamba Bay. Barabara ya kilometa 66 kutoka Mbinga sasa inateremka kutoka milima ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa. Septemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la ujenzi wa bandari katika mji huo wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

Neema hiyo ina hatari yake. Barabara na bandari zinapokuja, viwanja vya ufukweni hupanda bei, na kinachomezwa kwanza ni eneo la wazi, kwa kuwa halina mwenye hati wa kulitetea. Ndiyo maana kutenga bustani ya umma ufukweni ni suala la leo, si la kesho.

Sheria inatoa pa kuanzia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda usioruhusiwa majengo unaweza kuwa mahali pa miti ya kivuli, njia za miguu na michezo ya watoto.

Hata hivyo, ukanda huo si mtupu. Ni hapo kinamama huanika usipa, wavuvi huvuta mitumbwi na kushona nyavu, na watoto huoga. Mchoro uliobuniwa ofisini unaweza kupanda maua penye vichanja vya usipa na kuweka uzio kwenye njia ya kwenda majini. Bustani ya namna hiyo, kwa mvuvi, itakuwa jina jingine la kuhamishwa. Aidha, maji ya Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa vipindi vya miaka, na wazee ndio wanaokumbuka yalikowahi kufika.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji kuwashirikisha wadau. Lakini kushirikisha hakuna maana iwapo mkutano unaitishwa mchoro ukiwa umekamilika, na wananchi wakabakiwa na kazi ya kupiga makofi.

Mbinga yenyewe ina funzo. Wamatengo wana desturi ya sengu, ambapo watu wa ukoo hula pamoja na kujadili mambo yao. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kikishirikiana na wataalamu wa Japani, kilipofanya kazi katika kijiji cha Kindimba mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji waliunda Kamati ya Sengu iliyosimamia mradi wa mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Wataalamu walianza kwa kujifunza maisha ya wenyeji, ikiwamo kilimo chao cha mashimo ya ngolo kinachozuia mmomonyoko milimani.

Njia hiyo haina gharama kubwa. Mkutano ufanyike ufukweni, saa ambazo wavuvi wako nchi kavu. Kinamama wa usipa wasikilizwe peke yao. Mipaka ipimwe kwa kamba na vigingi mchangani, kila mtu akiona, kabla ya kuwekwa kwenye karatasi. Pia ikubalike mapema nani atafagia na fedha zitatoka fungu gani la halmashauri.

Bandari itajengwa na wakandarasi. Bustani haitadumu isipokuwa wenyeji wanaiona ni yao.